Injini ya Shemeji na Unga Wenye Hamira

Shemeji yangu anaitwa Injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe, na cheo cha kujipa hakina wa kukunyang'anya. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, na maisha yake yote amekuwa akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Pampu ya maji ya mama yao ilikuwa inatoa maji. Akaifungua aiongezee nguvu, ikaanza kutoa kelele. Geti la dada yake lilikuwa linafungwa vizuri. Akalitia bawaba za kubuni mwenyewe, sasa linafungwa kwa jiwe. Ukimuuliza, atakwambia vifaa vya siku hizi ni ovyo. Lo! Mtu huyo hajapata kukosea tangu azaliwe, ni dunia tu inayomkosea.

Mimi naoka mikate. Tanuri liko nyuma ya nyumba, na mteja wangu mkubwa ni hospitali iliyo juu ya kilima, inayotaka mikate yake asubuhi ikiwa bado laini. Mume wangu aliniachia kigari cha kuipandishia, pikapu kuukuu yenye boksi la bati nyuma. Kilikuwa dhaifu, sibishi. Kilimani watu wa miguu walikipita na kunisalimia. Lakini kilifika, na mimi sijui kazi nyingine ya gari isipokuwa kufika.

Siku ya mazishi Injinia alichukua ufunguo ili akabebe viti vya wageni. Viti vikarudi, ufunguo ukabaki mfukoni mwake. Kila nikiuomba ananiambia, "Shemeji, wewe pumzika, mimi si nipo?" Kuendesha najua, mume wangu alinifundisha kwa kigari hichohicho. Basi nikawa nakaa kiti cha abiria ndani ya gari langu mwenyewe, nimepakata mikate, huku yeye ananieleza namna ya kuoka.

Jumapili moja tulikuwa kwa mama mkwe, tumemaliza kula. Injinia akatangaza kwamba ataikuza injini ya kigari ili kilima kiwe kama sakafu. Akachukua kijiko, akakipinda mbele yetu. "Hii ndiyo kranki," akasema. "Chuma cha kombo-kombo tumboni mwa injini. Pistoni zinakisukuma, kinazunguka, gari linakwenda. Sasa ukiliongeza kombo, pistoni inapanda juu zaidi na kushuka chini zaidi. Inameza hewa na mafuta mengi, nguvu inazaliwa. Na hununui kitu! Kranki ileile ya gari, unaijaza chuma upande mmoja kwa kuchomelea, halafu unaichonga upya."

Mama mkwe alifurahi kama aliyeambiwa habari za mjukuu. Kijiko kilikuwa chake, wala hakukiulizia.

"Gari litakuwa jipya kabisa," akasema wifi yangu, yule wa geti.

"Injini ndiyo gari, dada," Injinia akamjibu. "Hicho kingine ni bati na viti." Wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka, maana nilimwelewa. Injini ikishakuwa kazi ya mikono yake, gari ni lake, na mjane abaki na bati. Nikasema sitaki, injini yangu iachwe ilivyo. Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, mwache akusaidie. Ni damu ya mumeo." Kesho yake nilikuta kigari kimeachwa wazi uani, boneti imeegemezwa ukutani, na injini yangu iko sebuleni kwa Injinia, juu ya meza ya kulia chakula.

Mkewe alikuwa amekwenda kwao kupumzika, mapumziko yasiyo na siku ya kurudi, na ukiiona sebule ile huwezi kumlaumu. Sufuria za nyumba zilijaa mafuta ya taa na nati. Mapazia yamekatwa vipande vya kufutia grisi. Kranki yenyewe ililazwa kitandani, imefunikwa shuka, na yeye akalala kwenye kochi. Mikate yangu ikapanda kilima kwa mkokoteni, mimi nasukuma nyuma, mwenye mkokoteni anavuta mbele. Inafika imepoa, na mpishi wa hospitali akaanza kuniambia kwamba kuna mwoka mikate mwingine amekuja kuulizia. Injinia akinikuta njiani ananipungia mkono. "Vumilia, shemeji! Mambo mazuri hayataki haraka." Nilimtukana kimoyomoyo mpaka nikafika geti la hospitali.

Siku ya kupima, alikuja kwenye beseni langu la unga uliokandwa akamega donge bila hata hodi.

"Unalipeleka wapi?"

"Pistoni sasa inapanda juu kuliko zamani. Lazima nijue kama haitagusa valvu. Nabandika donge juu ya pistoni, nafunga hedi, kile kifuniko cha juu chenye valvu, nazungusha injini kwa mkono. Valvu itaukandamiza unga. Nikifungua, unene uliobaki ndio nafasi niliyo nayo." Wengine hutumia udongo wa kuchezea watoto, akasema, lakini duka liko mbali.

Nikamfuata hadi sebuleni kwake. Akazungusha, akasikiliza, akaridhika. Kisha akaenda kwa mama yake kula, jua linaipiga ile hedi pale dirishani. Aliporudi alikuja na mama mkwe na wifi, ili washuhudie. Akafungua, akalikata donge kwa wembe, akaweka rula. "Mnaona? Nafasi tele!"

Niliangalia kile kipande. Kilikuwa na vitundu, laini, kimejaa. Jamani, mimi nakanda unga kila siku ya Mungu.

"Unga huo una hamira," nikamwambia. "Ulikandamizwa, halafu ukaumuka wakati wewe unakula. Hapo hupimi nafasi, unapima chakula chako cha mchana. Ngoja nikukandie mwingine mkavu, usio na hamira, urudie."

Injinia alinitazama vile anavyomtazama kila mtu, kama amekuta kuku barabarani. "Shemeji, mimi nakuingilia kwenye mikate?"

"Kila asubuhi," nikasema.

Wifi akanigunia. Mama mkwe akasema tusigombane mbele ya kazi. Nilikuwa nimesema, na waliokuwa na masikio walikuwepo.

Siku ya kuwasha, injini ilikuwa imerudishwa kwenye kigari, na viti vilipangwa uani. Majirani wakaja. Injinia alivaa shati jeupe, shati jeupe kwa kuwasha injini! Akageuza ufunguo, na niseme haki, iliunguruma vizuri ajabu. Sauti nzito, imetulia. Watu wakapiga makofi. Nilijua makofi yale yanalihamisha gari langu. "Sasa sikieni nguvu!" akapaza sauti, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Tulisikia kitu kikigonga, kikagonga tena, kisha mlio kama sufuria imejaa misumari ikitupwa kwenye ngazi, kisha kimya. Moshi ukatoka pasipotakiwa. Kwa mkono pistoni ilikuwa imeipita valvu kwa unywele. Kwa mbio na moto, ikaikuta. Injinia alishuka, akaangalia chini ya gari, akaangalia angani, akasema mafuta ya siku hizi yamechanganywa. Kisha akatoka getini na shati lake jeupe.

Ufunguo aliuacha kwenye swichi. Niliutoa mbele yao wote, nikautia kifuani.

Fundi wa gereji ya jirani aliniwekea injini ya kawaida kutoka gari bovu. Alipoifungua ile nyingine alisema kranki haina hata mkwaruzo, imechongwa na mtu anayejua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mikono anayo. Masikio ndiyo hana. Kranki naitumia kushikilia mlango wa tanuri usifungwe na upepo.

Juzi alfajiri alikuja mwenyewe, amemshika mama yake aliyeamka na maumivu ya kifua. Alisimama mlangoni, akaiona kranki chini, imejaa unga. Akainama, akaipangusa kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Nilijifanya sioni.

Mama mkwe nilimweka mbele, kando yangu. Injinia akazunguka akafungua mlango wa dereva, kwa mazoea, akanikuta nimeshakaa.

"Nyuma kuna nafasi," nikamwambia. "Kaa vizuri, usiiponde mikate."

Kilimani watu wa miguu walitupita. Mama mkwe akauliza kama tutafika.

"Tutafika, mama," nikasema.

Nyuma kule, katikati ya kreti za mikate, Injinia alikuwa amepakata moja magotini isipondwe.