Tapeli wa kodi aliyemwambia mama yangu kwamba Papa yu hai (Uvira, wakati wa uasi)

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Mimi ni bibi wa humu, huwa nasoma tu na kupita.

Juzi nimeona uzi wa yule dada aliyepigiwa simu na "afisa wa kodi", akatuma hela. Comments nyingi zilikuwa za kumcheka.

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mama yangu. Nitayasema kama nilivyoyaona, na ambayo sikuyaona nitayaacha.

Kwetu ni Uvira, Kongo, mtaa wa Kasenga. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, uasi umeshafika kwetu. Nilikuwa darasa la pili.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa kushona. Asubuhi moja alifunga nguo alizoshona akaenda kuziuza Kamanyola, kule kwenye bonde la Ruzizi. Nyuma yake vita vikafunga barabara.

Jeshi likaja, waasi wakapanda milimani, barabara ikafunguliwa. Watu wakaanza kurudi.

Papa hakurudi.

Mama aliendelea kumwekea chakula. Cherehani yake aliifunika kitenge, hakuna kugusa. Jioni alikaa mlangoni ameelekea kaskazini, upande wa Kamanyola, eti anachambua maharage. Maharage yenyewe yalikuwa yameshachambuliwa.

Basi mchana mmoja akaja mwanaume, shati jeupe, viatu vimepigwa kiwi. Akasema anatoka ofisi ya kodi ya Leta. Leta ndiyo serikali, kwa lugha yetu. Siku hizo nani anatawala tulikuwa hatujui vizuri, kwa hiyo mtu akisema ni wa Leta, unasimama.

"Weye njo muke ya fundi?"

"Njo minye," mama akajibu, yaani ndiye mimi.

"Bwana yako iko muzima. Tulimufunga juu ya kodi, hakulipa."

Mama alishika mlango kwa mikono miwili.

"Kamanyola? Mulimukamatia Kamanyola?"

"Ndiyo mama. Kamanyola."

"Na zile nguo zake?"

"Nguo tunazo. Toa mashini ya kushona, deni iishe, atarudi mbele ya Jumapili, siku ya Mungu. Lakini usiambie muntu. Ukisema, wakubwa watamupeleka mbali."

Akasema kesho atakuja kuichukua.

Wakuu, furaha ya jioni ile sijaionja tena. Mama alifua shati la Papa. Aliimba. Alituogesha kama tunaenda ubatizo.

Ni yaya, dada yangu mkubwa Neema, aliyesema:

"Mama, ule muntu hakusema Kamanyola. Ni weye ulisema. Na nguo, ni weye."

"Nyamaza!"

Lakini mama aliacha kuimba.

Kesho yake yule bwana akaja na mkokoteni. Mama akamkaribisha kiti, akamuuliza taratibu:

"Na ule mukono yake yenye ilivunjika, inapona?"

"Inapona mama. Tunamupatia dawa."

Papa hakuwahi kuvunjika mkono.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya mama, nikamwona anaitazama cherehani. Leo nikiwa mtu mzima naamini bado angeweza kumpa ile cherehani, ili apate siku chache zaidi za kuamini.

Akainuka. "Ngoja niite wanaume wabebe, mashini iko nzito."

Akaenda moja kwa moja kwa shefu, kiongozi wa mtaa. Shefu akaja na vijana, wakamkamata palepale kitini. Akatumwa mtu ofisi ya kodi, akarudi na jibu: hawakumtuma yeyote, na hawamshikilii fundi yeyote.

Ndipo tukajua. Mama Riziki, jirani wa nyuma, alikuwa ameshatoa baiskeli. Mwingine mbuzi wake. Wote ni wanawake ambao waume zao hawajulikani walipo, na kila mmoja alikuwa amekaa kimya kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Watu walitaka kumpiga yule bwana. Mama akawazuia. Alikuwa na swali.

"Bwana yangu, ulimuona hata siku moja?"

Yule mtu akatazama chini.

"Hapana mama. Nilisikia tu jina yake ku soko."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia.

Halafu akazunguka na shefu nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzake. Hakushukuriwa na wote. Mama Riziki alikaa muda mrefu bila kumsalimia. Naye alikuwa anamngoja mume wake kabla ya Jumapili ile.

Papa hajarudi mpaka leo. Mama aliifunua cherehani, akajifunza kushona mwenyewe, na ndiyo iliyotulea, huko Uvira na huku Kigoma.

Sasa somo, wakuu.

Tapeli wa kodi anakuja mikono mitupu. Unamjazia wewe. Mwache aseme yeye kwanza, usimtajie hata jina la mji. Akikwambia usimwambie mtu, hapo hapo waambie wote. Nenda ofisini kwa miguu yako ukaulize. Na ukishajua, toa taarifa hata kama unaona aibu, maana jirani yako naye amenyamaza.

Na yule dada msimcheke. Hamjui alikuwa anangoja nini.

Karibuni mchangie. Na kama kuna mwenye mzee wa Kamanyola, Kiringye au popote bondeni, naomba amuulizie: fundi wa kushona wa Kasenga, mrefu, anayecheka kabla hadithi yake haijaisha. Msinipigie simu. Andikeni hapa, wote waone.

Jibu nalijua, umri wangu unaniambia.

Lakini naomba muulize.