Hodi Tatu Katika Nchi ya Madimbwi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba yule papa, mzee wetu wa mtaa wa Anderlecht hapa Brussels, mzaliwa wa Kivu aliyewahi kuishi Kanada, amefariki. Wenzangu wakilalamikia upweke wa Brussels, mimi humkumbuka yeye, maana aliuona wa huko Kanada: tambarare isiyo na hata kilima, madimbwi yasiyohesabika, matete na bata mwitu, na mwendo wa saa nzima kabla ya kuona paa la pili. Alikuwa akikamua ng'ombe. Nyumba nyingi alizozipita zilikuwa zimehamwa, mapazia yangali madirishani, naye aliapa kwamba zilimtazama.

Jirani yake wa pekee, ng'ambo ya dimbwi, alikuwa mzungu mmoja mzee. Jumapili moja papa alimpelekea mkate. "Niliita hodi mara trois, mara tatu," aliniambia, "hakuna muntu anaitika. Bon, kwetu ukiita trois, unarudia kwako. Ni heshima." Akaenda zake. Kesho yake mzee alikutwa amekufa sakafuni, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. "Alikuwa anakuya kunifungulia," papa alisema, "na mi niko narudia na mukate yangu."

Aliniuliza kama angeusukuma mlango ingekuwaje. Nilimjibu kwa ulaini kwamba desturi haina kosa. Najionea haya hadi leo, kwa sababu hakuwa ananiomba faraja, na hakuniuliza tena.

Alipomfuata bintiye huku Brussels, alianza kumgongea kila asubuhi mjane wa ghorofa ya chini, maman mmoja wa Bukavu, na haondoki mpaka aitikiwe, hata kama ni kwa matusi. Tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza. Mwenyewe mlango wake hakuufunga kwa ufunguo hata siku moja. Asubuhi ambayo hakugonga, yule maman alipanda ngazi. "Sikuita hodi," aliniambia msibani. "Nilisukuma tu." Alimkuta papa angali na pumzi, akamshika mkono mpaka mwisho.

Tumelelewa tukiambiwa kuwa mgeni asiyejibiwa hurudi alikotoka. Ni adabu njema palipo na watu wengi, kwani baada yako atapita mwingine. Lakini siku hizi, hata katika majengo ambayo kuta zinagusana, huenda nyuma yako asije mtu. Jirani akikaa kimya, usiondoke.