Chumba cha dondakoo nilichokisuuza kwa maji safi

Wakuu, salamu zenu nyote, vijana kwa wazee.

Hili nalileta kama lilivyokuwa, sikuzidisha wala sikupunguza. Nimepita miaka tisini. Mjukuu ndiye anayebonyeza simu, maneno ni yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya arubaini, vita vikubwa vimekwisha juzijuzi. Kwetu ni Jomvu Kuu. Baba na mama walitutoka mwaka mmoja, nami mkubwa wa watatu nikaacha shule darasa la tatu. Nikapata kazi ya usafi katika hospitali ndogo upande wa Changamwe. Kazi ile ikipotea, nyumba nzima inalala njaa.

Siku ya kwanza dresa, muuguzi mkubwa wa wodi yetu, alinionyesha dawa ya kuulia vijidudu. Ukiitia maji inageuka nyeupe kama tui. Akasema paka sakafu, kitanda, na ukuta mpaka kimo cha mtu. Akaenda zake.

Nami nikapaka.

Kisha nikafanya alivyonifunza mama nyumbani: kilichopakwa sabuni husuuzwa. Nikachota maji safi, nikasuuza mpaka harufu ikatoka, nikapangusa kwa kitambaa. Wagonjwa wakanisifu, ati chumba cha Salimu hakichomi pua. Nikavimba kichwa.

Miezi mitatu nilifanya hivyo.

Asubuhi moja mtoto mwenye dondakoo, ule ugonjwa wa koo unaoziba pumzi, alifariki katika chumba cha pembeni. Nikakisafisha kwa desturi yangu.

Adhuhuri ileile analetwa mgonjwa kwa machela, natazama, ni Zuhura. Mdogo wetu wa mwisho, miaka tisa. Sufuria ya uji wa moto imemmwagikia, mguu umechubuka kuanzia goti.

Dresa akasema kidonda kama hicho hakikai wodini na watu wengi. Alazwe chumba cha pembeni.

Nikashukuru. Chumba si nimekisafisha mwenyewe?

Tukapita na machela mlangoni pa wodi ya wanawake. Ndani, Bi Mishi, msimamizi wa usafi wa upande ule, alikuwa anamfunza mfanyakazi mpya.

"Weka chini hiyo ndoo ya maji, mwanangu. Dawa ikishapakwa iache ikauke yenyewe. Ukiisuuza umeiosha dawa, chumba hukukiosha."

Wallahi, nikasimama, machela mkononi.

Nikisema, kazi sina. Nisiposema, Zuhura analala na kidonda wazi pale alipokufia mtoto wa watu.

Nikaishusha machela barazani. "Dresa, asiingie. Chumba kile nimekisuuza."

"Umekisuuza vipi?"

Nikamweleza.

"Umeanza lini?"

"Tangu niajiriwe."

Akaniambia nivue aproni, nitoke. Bi Mishi alikuwa ameshafika. Akasema, "Mfukuze kesho, baba. Leo ana kazi."

Akaniingiza chumbani. Hakunipa kitambaa.

"Lala kitandani."

Nikalala juu ya vyuma vitupu.

"Wewe ni mgonjwa. Unataka maji. Unataka kuinuka. Unakohoa. Mkono wako unakwenda wapi?"

Nikanyoosha mkono. Ukashika chuma cha kichwani, ukuta, ukingo wa meza kwa chini, kamba ya chandarua, komeo la dirisha. Wakuu, sikilizeni. Miezi mitatu nimeingia chumba kile kila siku, na sikuwahi kukiona. Kumbe kimejaa mikono ya watu waliokwisha ondoka.

Tukapaka tena. Juu kwanza, chini mwisho, tukirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Chandarua na godoro vikatolewa, vikaletwa vingine. Kisha tukasimama nje, hatugusi kitu.

Zuhura alikuwa analia kimyakimya barazani. "Kaka, kwani chumba kina nini?"

"Kinakauka."

"Si ukipanguse?"

"Hapana. Tunakingoja."

Sijapata kuona kitu kizito kama sakafu ile ikikauka polepole yenyewe.

Siku zilizofuata dresa alimfungua kidonda na kumtazama koo kila asubuhi, nami nimesimama na ndoo. Habari ya kunifukuza hakuigusa. Siku ya kumi na mbili akafunika mguu, akaosha mikono, akasema, "Huyu ameungua tu, dondakoo hana." Nikatoka nyuma ya jengo, nikalia.

Nilifanya kazi ile hadi kustaafu. Lakini waliolala katika vyumba vyangu miezi ile mitatu, sijui habari zao. Niliuliza, hakuna aliyeweza kunijibu. Nawaombea mpaka leo.

Nilichojifunza: nia njema haiui vijidudu. Mwonyeshe mtu kazi mpaka mwisho wake, na ukigundua umekosea, sema kabla mgonjwa hajaingia.

Mnaofanya usafi mahospitalini, nani aliwaonyesha, na lipi hakuwaambia? Andikeni hapa chini, mjukuu atanisomea.