Baiskeli Niliyotoa Mimi, Akashukuriwa Ntare

Nduwayo alisimama ukingoni mwa Nyabarongo, mbele ya waendesha baiskeli kumi na wawili, akamshukuru Ntare kwa baiskeli niliyompa mimi. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi nyasini, kibuyu cha uji wa mtama mapajani, na Nduwayo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunywa uji huo. Hiyo ndiyo dhuluma niliyotendewa. Yaliyobaki ni habari za Nduwayo mwenyewe, nami nitazisema kwa haki, maana ana mambo yake mazuri, ingawa si mengi.

Nduwayo alitoka Burundi akiwa mtoto, mwaka wa sabini na mbili, akakulia Kigali bila kukubali kupoteza lafudhi ya kwao. Ni mrefu, mwembamba, na akiendesha baiskeli magoti yake hutoka nje kama milango miwili iliyosahauliwa wazi. Kwa miaka mingi alisukuma baiskeli za watu, akipandisha ndizi kutoka bondeni hadi Muhima, huku yeye hana hata pedali moja ya kwake.

Mume wangu, Habimana, alikuwa akibebea maziwa kwa baiskeli yake kutoka Giticyinyoni. Alipofariki, niliifunga blanketi nikaitundika darini. Shemeji zangu walikuja mara tatu kuitazama, kila mara wakiulizia bei yake. Nduwayo alikuwa akipita kunywa uji asubuhi, na yeye aliuliza swali tofauti.

"Mama Kabagwira, inaendeleaje?"

"Nani?"

"Ile ya darini. Haioni jua. Itaugua."

Mwaka wa tisini na moja nikamwita, nikaishusha, nikampa. Sikuuza, sikukodisha. Nilitoa kama watu wanavyotoa ng'ombe. Alilia, huyo mwanamume wa magoti, na siku hiyohiyo akaipa jina: Gaju, jina la ng'ombe mwekundu. Akawa anaipaka siagi kwenye usukani.

Ni lazima nieleze desturi yetu. Mtu akipewa ng'ombe, asante ya mlangoni haitoshi. Humlazimu kurudi siku nyingine na mtungi wa pombe, asimame mbele ya watu, amsifu ng'ombe, kisha amtaje kwa jina aliyempa. Tunaita gukura ubwatsi. Kuanzia hapo kila mtu anajua nani alimpa nani, na aliyepewa huwa mtu wa yule aliyetoa. Nduwayo mwenyewe aliniambia, "Mama, baiskeli ndiyo ng'ombe wa mjini. Nitakuja na mtungi." Nikafagia uwanja. Nikafagia mwaka mzima.

Basi, Julai ya tisini na mbili, katekista wa parokia yetu akapanga safari ya baiskeli baada ya misa: kutoka Muhima, kupitia Nyabugogo, kushuka bonde hadi darajani, ili vijana wa kwaya waone mahali pa historia. Nduwayo akachaguliwa kuongoza njia. Mimi nikachaguliwa kupika uji, nikapandishwa kwenye keria ya Gaju, nyuma ya mgongo wake, na kibuyu changu. Ntare, mwenye duka la chumvi na mashuka, alikuja pia. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi, na kabla hatujafika Nyabugogo mnyororo ulikuwa umekula mguu wa kulia wa suruali yake mpaka gotini.

Vita vilikuwa kaskazini wakati huo, kwa hiyo tulisimamishwa kizuizini. Askari akapitia vitambulisho vyetu kimoja kimoja.

"Mnaenda wapi, baiskeli zote hizi?"

"Kutazama mto," katekista akasema.

"Mto mnaujua."

"Tunakwenda kuutazama vizuri zaidi."

Askari alicheka mpaka akaegemea bunduki yake. Akanitazama mimi. "Na huyu mama?"

"Huyu ni petroli," Nduwayo akajibu. Nikampiga kibuyu mgongoni, taratibu, maana kilikuwa kimejaa.

Tulipofika, mashamba ya miwa upande mmoja, Mlima Kigali nyuma yetu, maji mekundu mbele, katekista alitueleza kwamba zamani kulikuwa na wafalme ambao jina walilotawazwa nalo liliwakataza kuvuka Nyabarongo maisha yao yote. Walisimama upande wao, wakatazama wa pili. Vijana wakauliza kama wangeruhusiwa kuvuka kwa baiskeli. Katekista akaomba uji.

Hapo ndipo Ntare alipofungua mfuko na kutoa chupa za bia ya ndizi, na Nduwayo akainuka. Akashika Gaju kwa usukani. Moyo wangu ukaruka. Nikajifuta mikono kwenye kitenge.

"Gaju wangu," akaanza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "mwenye pembe zinazong'aa, usiyekula nyasi za jirani, unayepanda Muhima na mikungu minane bila kukohoa!" Vijana wakapiga makofi. Alisema vizuri, sitamnyima hilo. "Na aliyenipa ni Bwana Ntare!"

Ntare aliinua mkono, na suruali yake iliyochanika, kama mtu anayebariki. Wala hakukana.

Rafiki yangu Mukandekezi, aliyekuja kwenye keria nyingine, akaniinamia. "Dada, uliwahi kumpa huyu nini, kivuli?"

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma ya mgongo uleule. Katikati ya kilima aligeuza kichwa.

"Mama, Ntare alininunulia matairi mawili."

"Nimeona."

"Na matairi ndiyo yanayogusa ardhi."

"Na Habimana alikuwa akiendesha nini, Nduwayo? Hewa?"

Akakanyaga. Kisha akasema ukweli, taratibu: "Mama, mwanamume kusimama na kusema ni mtu wa mama wa uji… wale vijana wangenicheka mpaka Krismasi."

Sasa sikilizeni jinsi alivyochekwa. Ukimtaja mtu kuwa ndiye aliyekupa, umekuwa wake. Ntare anaijua desturi kama wengine. Jumatatu ileile alimwita Nduwayo dukani: "Mtu wangu, njoo, kuna magunia." Gunia la chumvi, gunia la sukari, marobota ya mashuka, kutoka Nyabugogo kupandisha Muhima, kila juma. Kukataa hawezi, maana watu kumi na wawili walisikia. Hupita mbele ya uji wangu akiwa amelowa, magoti nje, na Mukandekezi humwuliza, "Gaju anakohoa?"

Mwaka huu wa tisini na tatu, wakati wa Pasaka, alikuja kwangu. Alipitia nyuma, upande wa jikoni, na kibuyu kidogo cha pombe chini ya koti.

"Mama Kabagwira, naomba nikushukuru."

"Umshukuru nani?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyenipa."

"Sema kwa sauti, kuku hawajasikia."

Akatazama chini. Nilimpa uji, kwa sababu alikuwa na njaa, nikamrudishia kibuyu chake.

Dada yangu Béatha anakaa ng'ambo ya mto. Nikienda kwake, Nduwayo hunibeba kwa Gaju. Tukifika darajani nashuka, navuka kwa miguu. Yeye hukokota baiskeli nyuma yangu hadi ng'ambo, na kila mara husema, "Panda, mama." Sipandi: ukingoni hapo ilitajwa kuwa ya Ntare.

Nduwayo bado ana deni langu: mtungi mmoja mzima wa pombe ya mtama, na jina langu, Kabagwira, alitaje ukingoni palepale, mchana, kwa sauti ileile aliyomsifia Gaju, mbele ya walewale. Na Ntare ana deni la kuinuka siku hiyo, avae suruali aitakayo, na kusema: si mimi.