Mzee Aliyeshika Diski Umeme Ulipokatika

Kabla hujacheka, nenda Korogwe ukaulize. Studio ya picha ya Mzee Hoza ipo mpaka leo, na mwenyewe yupo, na hatakuongezea wala kukupunguzia neno. Mimi ni fundi kompyuta, kazi yangu ni waya na skrubu, sikuwahi kuamini habari za wafu kutembea. Haya niliyaona mchana, saa tisa, mvua ikinyesha, na tulikuwa watu watatu.

Mzee Hoza alikuwa na kompyuta ya aina ile ambayo kila kitu kimo nyuma ya kioo, haina kasha pembeni. Ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kusonga ugali ukala ndipo ifunguke. Akanunua SSD mbili, zile diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka ndani, akaniita nimtolee diski kuukuu nimwekee hizo. Ndani ya ile kuukuu zilikuwamo picha zote tangu afungue studio: harusi, kipaimara, maulidi, pasipoti za watu wa mjini na wa mashamba ya mkonge. Alikuwa hafuti picha ya mtu. "Mtu akifa," aliniambia, "ndugu zake wanakuja kwangu."

Na siku hiyo alikuwapo aliyekuja. Dada mmoja, Stella, ametoka Mpale kwa pikipiki, kalowa mpaka mabegani. Mama yake alikuwa anazikwa kesho yake, na picha pekee ambayo mama huyo alipata kupigwa maishani ilipigwa pale studio.

"Nitasubiri, kaka fundi," akasema, akakaa kwenye benchi la mlangoni.

Kuifungua kompyuta ile ni kazi ya subira, maana kioo kimegandishwa kwa gundi. Nikaazima mashine ya kukaushia nywele saluni ya jirani, nikapasha kingo zote, nikapitisha kadi ya plastiki taratibu mpaka gundi ikaachia. Nikaitoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya mkononi, adapta yake nikaichomeka ukutani, ninakili picha kwanza. Ikalia. Ta. Ta. Ta. Kama mtu anayegonganisha meno kwa baridi. Fundi yeyote anaijua sauti hiyo, na anaiogopa. Nikazima, nikawasha. Vilevile.

"Mzee Hoza, nakala nyingine umeweka wapi?"

"Sina nyingine," akasema. Stella akasimama. Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Hapo ndipo akaingia mzee mmoja. Mrefu, ovaroli ya buluu iliyopauka, mikono mikubwa yenye makovu ya miiba ya mkonge. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anasikiliza. Akaja moja kwa moja mpaka mezani, akainama, akatega sikio.

"Hiki ni nini?"

"Diski, babu. Inatunza picha."

"Sikijui. Lakini kinazunguka, na kinachozunguka nakijua." Akasikiliza tena. "Kimechoka pale kinapozungukia. Kilaze ubavu. Polepole, si gunia hilo."

Nikakilaza. Akaweka vidole viwili juu yake, vyepesi, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Ile ta-ta ikanyamaza. Niamini, ikanyamaza kabisa! Diski ikaanza kuvuma vizuri, na picha zikajitokeza kwenye kioo changu.

"Kina pumzi ya kazi moja tu," akasema. "Kikisimama, hakiamki tena. Anza na kile ambacho ukikikosa kuna mtu atalia."

Nikaanza na mama yake Stella. Tulipoiona sura yake, gauni la maua, mikono magotini, Stella alijiziba mdomo kwa kanga. Kisha nikaendelea na nyingine, mwaka kwa mwaka.

Nimefanya kazi na mafundi wengi, wa Tanga na wa Dar, lakini mikono kama ile sijaiona. Alisimama saa nzima na nusu bila kubadili mguu. Akisikia kitu nisichokisikia mimi, analegeza kidole kimoja, anakaza kingine, na mlio unanyooka. Nilijiona mwanafunzi, na sikuona aibu.

Zilipobaki picha chache, umeme ukakatika. Mtaa mzima. Redio ya saluni ikanyamaza, taa ya adapta ikazimika. Kompyuta yangu ina betri, hiyo sawa. Lakini diski ile ilikuwa inakula umeme wa ukutani, ilipaswa kusimama palepale. Haikusimama. Iliendelea kuzunguka chini ya vidole vile viwili, na picha zikaendelea kuhama. Wewe ungefanya nini?

Nikamtazama Mzee Hoza. Amejibana ukutani, midomo inacheza kwa dua, ananitikisia kichwa: usiseme kitu. Lakini mimi na mdomo wangu!

"Babu," nikasema, "unaitwa nani? Nani alikufundisha?"

Akatabasamu. "Lete sikio."

Akanishika kichwa kwa mkono wa pili, mkono wa baridi kama maji ya mtungini, akanilaza sikio la kulia juu ya diski. Sikusikia diski. Nilisikia kiwanda. Mikanda inapiga, majani ya mkonge yanapondwa, maji yanamwagika, watu wanaitana, na nyuma ya yote mashine kubwa inaimba bila kukwaruza hata mara moja. Machozi yalinitoka. Ulikuwa mlio mzuri mno.

Nilipoinua kichwa, hakuwapo. Diski imesimama. Picha zote zimehama.

"Hakupita hapa," Stella akasema. Na yeye alikuwa mlangoni.

Mzee Hoza akakaa chini. "Yule alikuwa fundi wa mitambo shamba la mkonge. Baba yangu alifanya kazi chini yake. Nilikuwa darasa la pili tulipomzika."

Umeme ulirudi jioni, Stella akaondoka na picha kubwa ya mama yake ndani ya fremu. Mimi nikafunga zile SSD, nikabandika kioo. Sasa kompyuta inafunguka kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti. Diski kuukuu haikuamka tena.

Baadaye nilisikia kwamba alionekana Kwamsisi pia, nikaenda. Mama mwenye mashine ya kusaga hakushangaa hata kidogo. "Alinishikia mashine siku nzima, nikamaliza mahindi ya watu," akasema. "Sikumwuliza jina. Wewe ulimwuliza?"

Nilimwuliza, nami nikalipa. Maana tangu siku ile sikio langu la kulia halisikii binadamu. Linasikia mashine tu. Napita dukani nikisikia friji inaumwa, naingia kumwambia mwenyewe, na siku mbili baadaye inakufa kweli. Nimekuwa fundi mzuri kuliko nilivyostahili. Lakini mke wangu lazima akae kushoto kwangu tukizungumza, na mwanangu akininong'oneza upande wa pili, naona joto la pumzi yake tu.

Kwa hiyo nakuonya. Akiingia mzee wa ovaroli akatega sikio kwenye mashine yako, mpishe, mtii, mshukuru, na jina lake mwachie mwenyewe. Na picha za watu wako zinakili leo, diski ikiwa nzima. Mimi nilishikiwa na marehemu. Wewe sijui utashikiwa na nani.