Maganga na Bitana ya Mshipa

Umewahi kumwona mtu akivuja damu mahali ambapo hakuna aliyemkata? Mimi nimemwona. Alikuwa Limi, binti wa Maganga, na damu ilimtoka kwenye fizi huku akijaribu kutusalimia.

Maganga alilima pamba na muhogo katika kijiji kimoja magharibi ya Ushirombo, ambako nilipangiwa zahanati nilipotoka chuoni. Tena alikuwa myeye, mmoja wa wacheza na nyoka ambao Usukuma nzima inawajua. Kwenye ngoma za baada ya mavuno alijivika chatu shingoni, akamwita shemeji, akamgombeza kwa uvivu, na watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mtu akigongwa na nyoka, alipelekwa kwake kwanza. Alifunga kamba juu ya jeraha, akachanja kwa wembe pande zote, akapaka unga wa mizizi. Hakudai hata kuku. Wengi walipona, naye mwenyewe aliwahi kugongwa akapona.

Lakini nyoka hamwagi sumu kila anapouma. Mara nyingine huuma kavu. Mtu aliyeumwa hivyo angepona hata kwa kupakwa majivu, ila sifa zilikwenda kwa wembe.

Limi aligongwa na kifutu mchana, akichuma pamba. Jioni wanaume wanne wakamleta zahanati juu ya kitanda cha kamba, baba yake mbele, mama yake, Melania, nyuma. Mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, na chale zote zilikuwa zinachuruzika.

"Shikamoo, mzee Maganga. Nani amemchanja?"

"Marahaba. Mimi. Sumu lazima itoke."

"Inayotoka ni damu, mzee. Tufungue kamba hiyo."

"Tabibu, wewe nyoka umemwona kitabuni. Mimi nalala naye nyumba moja."

"Na mkewe hajadai talaka!" akasema mbebaji mmoja. Wenzake wakacheka. Melania hakucheka.

Maganga akatoa wembe achanje tena. Nikamshika mkono, nikamweleza ninayowaeleza na ninyi.

Mshipa wa damu si bomba tupu. Ndani una bitana, nyembamba kuliko utando wa yai, iliyofanywa kwa chembe hai zilizolala ubavu kwa ubavu. Kinachozibana chembe hizo ni protini, mishono midogo ambayo wataalamu ndiyo kwanza wanaanza kuipa majina. Mishono ikikaza, damu hubaki njiani mwake na maji hupita kwa kiasi. Sumu ya kifutu huila bitana hiyo na kitako inachokalia, na kufumua mishono. Ndiyo maana mguu hujaa, na damu hupenya hata pasipo na jeraha. Wakati huohuo wewe unaongeza matundu mengine kwa wembe!

Maganga alimgeukia bintiye. Akakifuta kinywa cha Limi kwa kiganja, damu ikarudi.

"Ng'wanawane," akamwita kwa Kisukuma, mwanangu. Kisha akauweka wembe mkononi mwangu, akaifungua na kamba.

Melania akaniuliza, "Sasa ipo dawa ya kushona, baba?"

"Ya kushona hakuna, mama. Mwili hujishona wenyewe. Ipo ya kuizima sumu kabla haijamaliza kufumua. Iko Shinyanga."

"Basi apelekwe Shinyanga."

Apelekwe na nini? Gari pekee la karibu, la misheni, lilikuwa limelala kwa kukosa dizeli. Mimi nilikuwa na maji ya chumvi ya kumtundikia, pamba na bandeji. Ndugu wasomaji, tunaimba kwamba mkulima ni uti wa mgongo wa taifa. Uti huo unaumwa na nyoka kila msimu, na dawa yake tunaifungia mbali naye, katika mji ambao hata basi la kumfikisha halina uhakika! Anayeridhika na hali hii asijiite mjamaa mbele yangu.

Kulipokucha Limi alikuwa bado anapumua. Ndipo tukasikia lori likitoka ghalani, limejaa magunia ya pamba, linaelekea Shinyanga. Maganga akakimbia akasimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza. Lori likasimama karibu kumgusa.

"Mzee, una wazimu?" dereva akafoka. "Nimejaza! Nitamweka wapi mgonjwa?"

Maganga alipanda juu, akaanza kusukuma magunia chini, moja, jingine, yakipasuka na pamba ikitapakaa vumbini. Dereva alitukana, kisha akakitazama kitanda tulichokuwa tumekileta kando ya gurudumu, akapanda kumsaidia.

Melania alikuwa ameinama juu ya bintiye. Akainuka taratibu.

"Baba Limi," akasema, "acha. Amekwenda."

Dereva akaacha. Maganga akalikumbatia gunia jingine, akalisukuma.