Mabirika Yangu Hayatoki Mezani

Mdogo wangu alifika kutoka Kigali wiki tatu kabla ya gusaba yake, ile siku wazee wa upande wa mume wanapokuja kumwomba binti kwao. Kabla hata ya kuvua viatu alisimama mbele ya kabati langu la vyombo, akaguna.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "ma-vyombo hizi zote bado iko hapa? Wakwe watatucheka. Bon, tukodishe sahani nyeupe, zote za kufanana, na ma-thermosi. Ile birika iko na pua ya kupasuka, we unataka nani akunywe mule?"

Tena alikuwa amekwisha kumtafuta mfanyabiashara anayenunua vitu vya zamani ili kupamba hoteli za kando ya ziwa. Bwana huyo alikuja kesho yake, akayatazama mabirika yangu kwa jicho la fisi, akasema anayataka yote. Nilimmiminia chai, akanywa, kisha nikamwonyesha mlango.

Wewe unanijua, rafiki yangu, si mtu wa kugombana kwa ajili ya bati. Lakini sikia kwanza, kisha uamue kama nina kichaa kama wanavyosema.

Nina birika la bati jeupe lenye maua ya bluu, lililobanduka rangi tumboni. Ninalo la udongo mwembamba, lililofika Goma enzi za wazungu na halina kifuniko tena, nalifunika kwa kisahani. Nina sinia lenye waridi lililochorwa, bakuli la supu lenye masikio mawili, na vyombo vya sukari vya kila umbo. Karibu kila Jumamosi napita kwa wanaouza vitu chakavu kule karibu na mpaka wa Kongo, nainama, napekua, nao wananicheka. Wacheke. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na sahani nyeupe za kukodi ndizo kidonda chenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa tulipokuwa tukiishi na bibi katika mtaa wa juu wa mji wetu huu, pale ambapo upepo ukigeuka ulituletea harufu ya kiwanda cha bia. Karibu majirani wote walikuwa wamerudi kutoka Kongo kama sisi, kila familia na ilichoweza kubeba. Bibi yetu alivuka na mabirika mawili yaliyofungwa kwenye kanga, juu ya kichwa. Mwingine alikuja na sahani nne, mwingine na vikombe bila visahani. Hakuna nyumba iliyokuwa na sahani sita za kufanana. Kwa hiyo likitokea jambo, iwe harusi, ubatizo au msiba, vyombo vya mtaa mzima vilikusanywa uani kwa mwenye jambo, na meza ikajaa kila rangi.

Kazi yangu ilikuwa kusugua. Tulisugua kwa majivu na ule mchanga mweusi wa volkano, unaokwaruza vidole mpaka vinawaka. Bibi alikaa kwenye kigoda akichemsha chai ya maziwa yaliyoshuka na mwenye baiskeli kutoka Bugeshi kule milimani, akiponda tangawizi kwa jiwe, na alikuwa akisema chai isiyomiminwa kwa birika haijamwona mgeni. Nikifumba macho, naisikia bado ile sauti ya chai ikishuka kutoka juu kuingia kikombeni, na povu likipanda. Chai ya thermosi haina sauti. Unabonyeza, inakohoa.

Ili vyombo vijue njia ya kurudi nyumbani, kila mama aliweka alama yake chini. Mmoja alikwaruza msalaba kwa msumari. Mwingine alipaka rangi nyeupe ya dirisha. Alama ya bibi ilikuwa tone la rangi nyekundu ya kucha, tuliyoiita verni. Kila baada ya miezi michache ilifutika kwa mchanga, naye akaitia upya.

Sasa mama yetu mdogo akaolewa, harusi ikafanyika kwetu. Vyombo vikaja kutoka nyumba nane. Birika letu kubwa lilikuwa limekatika mkono na bibi alikuwa ameufunga kwa waya, kwa ustadi, huwezi kuungua. Jirani wa nyumba ya pembeni, mama mmoja aliyekuwa na birika zuri kuliko yote pale mtaani, aliliona mezani, akawaambia wasichana waliokuwa wakihudumia: "Ile ya waya muiweke nyuma. Watu ya Kigali wasiione." Bibi alisikia. Alilichukua birika lake mwenyewe, akaenda nalo jikoni, nami nilimwona akiwa amesimama na mgongo umetugeukia, hafanyi chochote.

Niliumia. Nilikuwa mtoto lakini niliumia kama mtu mzima.

Kesho yake asubuhi vyombo vyote vilikuwa vimeoshwa na kulazwa kifudifudi kwenye mkeka. Bibi alikuwa amewasindikiza wageni kwenye basi. Nikachukua chupa ya verni na kupiga tone jekundu chini ya kila chombo. Kila kimoja, rafiki yangu, cha nyumba zote nane. Sikukosea wala sikuchanganyikiwa, baadaye watu walipotaka kunitetea hivyo nilikataa. Nilitaka bibi awe na kabati lililojaa, asije akaambiwa tena aweke kitu chake nyuma.

Mama wa nyumba ya pembeni ndiye aliyefika wa kwanza kuchukua birika lake. Akaligeuza. Akageuza la pili, la tatu. Kelele zake zilisikika hadi barabarani.

"Mwizi! Huyu muzee ni mwizi! Tulimuazima ma-vyombo, sasa anasema ni yake!"

Bibi alirudi akakuta uani kumejaa watu. Elewa jambo moja: sisi wote pale tulikuwa wapya. Hakuna aliyekuwa na shamba la baba, wala kaburi la babu la kuonyesha. Mtu alikuwa na jina lake tu, na jina hilo likichafuka, nani atakuazima hata chumvi? Bibi alinitazama vidole, akaona wekundu, akajua.

Nilingoja fimbo, haikuja. Aliniambia mbele ya wote, bila kupaza sauti: "We ndiye uliweka. We ndiye utarudisha. Mi niko nyuma yako."

Tukazunguka nyumba zote nane. Mimi mbele na sinia kichwani, yeye nyuma amevaa kitenge chake cha kanisani, shingo imenyooka. Kwenye kila mlango nilitakiwa kusema: "Ni mimi niliweka rangi. Koko hakujua." Koko ndiye bibi, kwa lugha yetu ya huku. Wengine walicheka, wengine walinifinya shavu, mmoja alinisukuma kidogo. Nyumba ya pembeni bibi aliiacha ya mwisho.

Yule mama alikuwa amefunga mikono kifuani. "Weka chini," akasema. "Na ufute ile rangi."

"Hapana," bibi akajibu. "Rangi ibaki. Kila mutu akiiona ajue ilifika kwangu, na ilirudi. Mi sikuvuka mupaka ili niitwe mwizi hapa. Donc, pokea."

Na hakuondoka. Jua lilitupiga, shingo yangu iliuma, watu wakakusanyika barabarani. Alisimama mpaka yule mama akafungua mikono na kupokea birika kwa mikono miwili, kama mtu anavyopaswa kupokea kitu kutoka kwa mtu anayemheshimu. Ndipo tukaenda nyumbani, na bibi akachemsha chai, akaimimina kwa birika la waya. Tangu siku ile halikuwekwa tena nyuma, kwetu wala kwa wengine.

Basi thermosi zilipoingia mtaani na akina mama wakaanza kutupa mabirika, au kuwapa watoto wachezee matope, mimi nilikwenda mlango kwa mlango kuyaomba. Hivyo ndivyo kabati langu lilivyojaa. Sikukusanya urembo, na hoteli ikitaka urembo ichume maua.

Gusaba ilifika. Tulikubaliana kwa shida: sahani za kukodi kwa wageni wa uani, lakini meza ya wazee sebuleni ni yangu. Nilipanga kila kitu, chenye ufa na kisicho na kifuniko. Kijana mmoja wa upande wa mume, mwenye tai, aliuliza kama tumehamia kwenye jumba la makumbusho. Nilimjazia kikombe hadi ukingoni ili mdomo wake upate kazi. Wazee walikunywa, wakaomba tena. Mdogo wangu alikuwa akinitazama toka pembeni, na kwa mara ya kwanza hakuguna.

Jioni gari la sahani za kukodi lilikuja, wenye nazo wakazihesabu, likaondoka. Uani pakabaki patupu. Hapo ndipo nilipohisi kilichokufa. Zamani, baada ya sherehe, vyombo vilirudi kwa siku kadhaa, na chombo hakikurudi kitupu: ndani ungekuta maharage, mayai mawili, visamaki vya ziwani tunavyoviita sambaza, vilivyokaushwa, hata majani ya chai kidogo. Kwa wiki nzima mtaa ulikula chakula cha wenzake, na kila aliyeleta alikaa, akazungumza. Sasa hakuna anayedaiwa kurudi kwa mtu.

Siku mdogo wangu alipoondoka kwenda kwa mume, alisimama tena mbele ya kabati, akaashiria lile la maua ya bluu. Nikalifunga kwenye kitenge, nikampa mbele ya wakwe zake.

"Asante kwa zawadi, yaya," akasema.

"Si zawadi," nikamwambia kwa sauti, wote wasikie. "Nimekuazima."